Ringi za Binti wa Fundi

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo, nivumilieni nipitie kidogo kwa fundi mmoja wa baiskeli. Msihangaike kukisia ni nani, hakai mtaa huu. Au labda anakaa. Mtaniambia tukitoka.

Fundi huyu alikuwa na banda kando ya barabara ya vumbi, na kazi yake ilikuwa na sheria moja: baiskeli haitoki bandani mpaka aikalie mwenyewe. Iwe ya mwalimu, iwe ya muuza maziwa, iwe ya mtoto wa darasa la kwanza, ataipanda, atazunguka nayo nguzo ya umeme, arudi aseme, "Haya, hii imepona." Watu walimwamini kwa hilo. Mnacheka, lakini fundi wa namna hiyo mkimpata leo mtamkumbatia.

Alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili. Binti alipenda baiskeli za BMX, zile fupi zisizo na karia wala kengele, zenye ringi ndogo za inchi ishirini, za kurukia matuta. Baba alimuundia moja kwa vipuri vya bandani. Basi kila Jumamosi wakawa wanakwenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ambako watoto walikuwa wamejitengenezea njia ya kushindania. Mnamwona huyo baba? Baiskeli iko begani, binti yuko mbele anarukaruka, na hakuna siku aliyoipenda duniani kuliko hiyo.

Siku moja kwenye mashindano, binti alikuwa anaongoza. Akaruka tuta la mwisho, akatua vibaya, akaanguka. Kidevu kikashonwa, goti likavimba, na baada ya muda hayo yote yakapona. Kilichokataa kupona ni kingine. Binti hakutaka tena kupanda baiskeli. Machimboni hataki, bandani baada ya shule hapiti tena. Ukimsemesha ni "ndiyo baba", "hapana baba", basi. Nyumba ikapoa kabisa.

Fundi moyo ulimuuma. Na sisi wanadamu moyo ukituuma huwa tunakimbilia tunachokijua, si ndiyo? Yeye alichokijua ni ringi.

"Ringi ndizo zilizomwangusha," akajiambia. "Ni ndogo mno, zimezama kwenye kokoto. Nikimpatia zinazomfaa, mwanangu atarudi."

Akatafuta ringi ya inchi ishirini na nne aifunge mbele. Ikakataa kuingia, tairi likasugua foku, ule uma unaoshika gurudumu. Akang'oa foku, akatia ya baiskeli nyingine. Mbele ishirini na nne, nyuma ishirini, baiskeli imeinua kichwa kama mbuzi anayetaka kupanda ukuta! Akaikalia vilevile, akazunguka nguzo, mtu mzima na ndevu zake, magoti yanagonga usukani, wauza mboga wameshika mbavu. Akashuka akasema, "Mashimo inavuka, ila nzito kuondoka." Akafungua. Akafunga za kumi na sita mbele na nyuma. Hizo zikaondoka kwa kasi, lakini kila akilala kwenye kona pedeli zinakwaruza chini. Akafungua tena. Wateja wakaanza kununa, baiskeli zao zimelala bandani, na yeye ameinama na ringi za mtoto.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, huyu mtoto siku hizi anachezea chakula tu. Kaa naye mzungumze."

"Nizungumze naye nini, mama? Akipata ringi yake atakula."

Msimhukumu haraka. Hakuwa mtu mbaya. Wangapi humu ndani tunajua kununua lakini hatujui kusema? Wangapi tunajua kukarabati lakini hatujui kukaa? Yule bwana alikuwa anampenda mtoto wake mpaka usingizi unamkimbia, na mapenzi yake yote yalikuwa yameishia kwenye mikono.

Mwishowe akapata ringi za inchi ishirini na mbili. Akazifunga kwa shida, akalegeza hapa, akakaza pale, zikakaa. Akaikalia baiskeli, akazunguka nguzo, akazunguka tena, hata umri akausahau. Hii sasa! Akaifuta vumbi, akaisukuma mpaka nyumbani akitabasamu peke yake njiani. Binti alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele.

"Mwanangu, imepona. Njoo uipande."

Binti akaitazama. Hakunyanyuka.

"Baba, ringi zote hizo ulizokuwa unabadilisha, nani alikuwa anazijaribu?"

"Mimi. Si unajua sheria yangu? Haitoki mpaka niikalie."

"Na mimi nimekalia ipi?"

Binti akaweka ungo chini.

"Tena baba, mimi sikuangushwa na ringi."

"Uliangushwa na nini?"

Ndugu zangu, hebu tusimame hapo. Swali hilo lina maneno mangapi? Halihitaji spana, halihitaji vipuri. Lakini tangu mtoto aanguke, hakuna aliyekuwa ameliuliza ndani ya nyumba ile. Walimuuliza panapouma. Walimuuliza kama ameshameza dawa. Hilo moja wakaliruka.

Binti akasema, "Nilipokuwa juu ya tuta niligeuka kukutafuta. Nilitaka kuona kama umefurahi."

Fundi akabaki ameshika usukani.

"Mashindano ya kabla ya yale nilitoka wa pili," binti akaendelea, machozi yanamtoka sasa. "Nikakukimbilia. Wewe ukaichukua baiskeli, ukaipindua, ukaanza kuzungusha ringi kutafuta kilichonichelewesha. Nilikuwa nimesimama palepale, baba. Hukunitazama. Nikasema safari hii lazima nikuone."

Fundi akaiachia baiskeli, ikaanguka yenyewe mavumbini, na yeye hakugeuka kuitazama. Alimtazama mtoto. Akaliona kovu la kidevuni, ambalo lilikuwa limeshaanza kufifia na yeye hakuwahi kuliangalia hata mara moja. Akapiga magoti mbele ya ule mchele, mtu mzima, akalia kwa sauti, na binti yake akamshika kichwa.

Mnataka kujua kama binti alirudi machimboni? Mimi sitawaambia. Najua mnachotaka: mnataka niseme alishinda kikombe, mtoke hapa mmefurahi, mkifika nyumbani muendelee kuzungusha ringi.

Sisi, wapendwa, ndio mafundi hawa. Mtoto akinyong'onyea, tunambadilishia shule. Mke akikaa kimya, tunamletea kitenge. Mzee kijijini akilalamika, tunamtumia blanketi. Na kila dawa tunayopeleka tumeipima kwa miili yetu wenyewe, tumezunguka nayo nguzo, tukaona imetukaa, tukasema imepona. Yule tunayemtibu hata hatujamuuliza aliangushwa na nini. Tunashangaa kwa nini hapandi! Sisemi hivi kwa hasira. Nasema kwa sababu nawajua, na najua mnapenda. Mapenzi yenu yapo, ila yule mnayempenda hajayaona usoni mwenu.

Kuna mtu kwenye nyumba yako ambaye yuko hewani sasa hivi, ameacha kuangalia anapotua, kwa sababu anautafuta uso wako.

Kwa hiyo leo, kabla kwaya haijasimama, nawaomba jambo moja. Geuka umtazame uliyekuja naye. Usimnyooshe kola, usimpanguse vumbi, usimwambie akae vizuri. Mtazame tu.