Kodi Ipi?

Wapendwa, kaeni vizuri, na yule anayesinzia pale nyuma mwenzake amguse. Leo nawaletea fundi cherehani mmoja.

Fundi huyu alishona dukani kwa tajiri miaka mingi. Kila mwisho wa mwezi mshahara ulimfikia umeshakatwa kodi ya serikali, naye hakuacha kunung'unika: "Jasho langu linamegwa!" Siku moja akaaga, akakodi fremu yake sokoni, akanunua cherehani kwa akiba yake yote. Kazi zikaja, maana mkono wake ulikuwa mzuri. Sare za shule, magauni ya harusi, mpaka majoho ya kwaya. Pesa zikawa zinaingia nzima nzima. Akasema, "Kumbe kujiajiri ndiko huku! Nilichelewa wapi?"

Mkewe akamwuliza wakati wa chai, "Baba Tumsifu, hivi kodi unatenga?"

"Nimeshalipa ya miezi sita. Mwenye fremu mpaka kanishukuru."

"Mimi siulizi ya fremu."

"Mama, kodi ni kodi. Niache ninywe chai yangu."

Mnacheka? Chekeni tu. Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili, naye akachagua lile alilokwisha kulipa.

Mwaka ukaisha. Akaja afisa wa kodi, binti mpole, akamwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, fundi. Nimekuja kuhusu kodi." Fundi, kifua mbele, akamtolea risiti ya fremu. Binti akaisoma, akamrudishia.

"Hii ni ya pango, baba. Ya serikali je?"

"Ya serikali si hukata tajiri?"

"Na sasa tajiri ni nani?"

Fundi akatazama huku na huku ndani ya fremu. Alikuwamo peke yake.

Angetenga kidogo kila alipopokea, angelipa akaendelea kushona. Lakini pesa zilishaishia kwenye makochi na televisheni. Cherehani ikauzwa, deni likalipwa, naye akarudi kwa tajiri wake wa zamani kuomba kazi. Inauma, jamani.

Sasa tusimcheke sana. Mungu naye hutuuliza kwa maneno mafupi. "Umesamehe?" Nasi haraka haraka: "Nimesamehe, Bwana!" Tunamwaza yule aliyetukanyaga kwenye foleni. "Unampenda jirani yako?" "Nampenda mno!" Tunamfikiria mama wa mlango wa pili anayetuletea maandazi. Je, ndugu yako mliyegombania shamba la urithi, ambaye mkipishana unageuza uso? Ndugu zangu, uongo hatusemi. Tunajibu tu lile tulilokwisha kulipa, na siku ya kuulizwa lile lingine tutakutwa mikono mitupu, kwa sababu msamaha nao hutengwa kidogo kidogo, mapema.

Basi leo Bwana akikuuliza kama umesamehe, usikimbilie kusema ndiyo. Mwulize kwanza: nani, Bwana? Ingawa wengine wetu hatuna haja ya kuuliza. Yumo humu humu, na unajua amekaa benchi gani.