Mlango wa Pimbi na Hodi Tatu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kuwaudhi kama sisi, aliishi Pimbi mmoja kwenye pango la jabali. Jina lake Zawena. Mdogo, mnene kidogo, mkia hana, lakini mkono wake ulikuwa na kipaji. Akichora papai, nzi wanatua. Kaeni vizuri basi, na wewe mwenye karanga acha kutafuna sikioni mwangu.

Zawena alikuwa mchoraji wa kila mtu. Anayetaka picha ya ukutani alimwendea, anayetaka kibao cha duka alimwendea, naye akalipwa mtama, mihogo au karanga. Njaa hakuijua. Alichokikosa ni muda wa kuchora picha moja tu iliyo yake mwenyewe.

Na ilikuwa picha gani? Ya mama yake, Bi Somoe, aliyefariki masika yaliyopita. Bi Somoe huyo ndiye aliyewafunza adabu watoto wote wa mtaa, hata wale waliomzidi kimo. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: ukifika kwa mtu piga hodi mara tatu, usipoitikiwa, rudi kwako. Nyati alipokuwa ndama aliwahi kuingia bila hodi. Bi Somoe alimshika sikio, akamtoa nje mbele za watu, akamwambia aanze upya. Zawena alitaka kuuchora uso ule ukutani kabla haujamtoka kichwani.

Sasa niambieni, angeuchora saa ngapi? Asubuhi alikuja Nyati, ambaye sasa ni dume zima lenye duka la unga, akataka kibao chenye picha yake. Akachorwa. Kesho yake akarudi, pembe ziongezwe kidogo. Keshokutwa akarudi tena, zimezidi, zipunguzwe kidogo. Mchana alikuja Bibi Kiboko, aliyetaka achorwe mwembamba lakini afanane. Jioni Fisi, kuomba asafishiwe meno kwenye picha. Na kila mmoja alisema yale yale, kwamba ni kazi ndogo tu, haimalizi hata dakika mbili. Siku moja Zawena alijaribu kunyamaza hodi ilipopigwa. Wakachungulia, wakamwona, wakaingia.

Kisha siku moja ikanyesha mvua kubwa, asije mtu. Zawena akachukua mkaa mbio mbio, akausogelea ukuta, akachora bila kupumua. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu atazame.

Lo! Mkaa ukamponyoka. Pale ukutani palikuwa na pua ya Bibi Kiboko, meno meupe ya Fisi, na juu ya kichwa, msicheke, pembe mbili za Nyati zilizopunguzwa kidogo.

Akafumba macho ili amtafute mama yake. Hakumwona. Akayafumba tena kwa nguvu, akamwona Kiboko akiulizia kiuno chake.

"Mama," alisema, "nimekupoteza huku nikiongeza pembe za watu."

Akalia sana. Machozi yalipokauka akakaa kitako, akaanza kufikiri, na pimbi akikaa kitako kufikiri wakubwa wajihadhari.

Mvua ilipokatika alitoka na rangi zake. Upande wa kulia wa pango, penye jiwe gumu tupu, akachora mlango: mbao, bawaba, kitasa, hata upenyo wa chini unaopitisha mende. Kisha kwenye mdomo wa pango lenyewe akatundika mkeka, akaupaka rangi ya jabali pamoja na kuvu na kinyesi cha ndege. Ungepita hapo ungeapa kwamba ni jiwe. Akaingia nyuma ya mkeka, akaufuta ukuta, akaanza upya.

Bibi Kiboko akaja, akasimama mbele ya ule mlango wa kuchorwa, akapiga hodi tatu. Kimya. Akaenda zake akinung'unika. Fisi naye vivyo hivyo. Huku ndani mkono wa Zawena ulikuwa unakumbuka taratibu: leo jicho la kushoto lililolegea kidogo, kesho kovu la mdomoni, keshokutwa ule mkono uliokuwa haubanduki kiunoni. Uso ukatimia. Lakini moyo wake haukutulia. Ndiye, au siye? Hakuwa na wa kumwuliza.

Siku ya tano akafika Nyati, pembe tena. Alipiga hodi moja, ya pili hakuwa na subira nayo.

"Zawena, najua umo! Ni kazi ya dakika mbili tu!"

Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akaja mbio, gududu gududu gududu, buu! Jabali likatikisika. Mlango haukusogea hata unywele. Nyati akaona nyota mchana kweupe.

Alipepesuka, akatafuta pa kuegemea apate pumzi. Akaona jiwe zuri pembeni. Akaliegemea. Jiwe likabonyea! Chaa, mkeka ukachanika, kichwa na mabega vikatumbukia pangoni. Akainua macho.

Uso kwa uso na Bi Somoe.

Ameketi, mkono kiunoni, jicho la kushoto limelegea, anamtazama yeye hasa. Na Nyati ndiye aliyelibeba jeneza la Bi Somoe hadi kaburini, kwa mgongo wake mwenyewe. Masikio yakamlala. Mimi simlaumu, ningekuwa mimi ningezimia.

"Shikamoo, Bi Somoe," alisema kwa sauti ya ndama. "Nimesahau hodi. Natoka, naanza upya."

Akatoka kinyumenyume, taratibu, asiangushe hata kibuyu. Nje akasimama wima, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Zawena, aliyejibana pembeni, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nyati akapiga ya tatu, kwa upole. Kimya, maana picha haiitikii. Basi dume lile zima likageuka likaenda kwake kwa adabu zote.

Zawena alitaka kucheka, ila machozi yalitangulia. Jibu lake alikuwa amelipata. Nyati asingemwamkia hivyo mtu asiye Bi Somoe.

Habari ikaenea mtaa mzima kabla chungu hakijachemka: Bi Somoe yupo pangoni, na anahesabu hodi. Tangu siku ile, asubuhi Zawena alikunja mkeka wake, alioushona upya, akafanya kazi za watu, hata za pembe. Jua likivuka utosi aliushusha, akachora anachokipenda yeye. Aliyefika alasiri alipiga hodi tatu, akangoja kidogo, akarudi kwake bila kuchungulia.

Mkono unaowatumikia wote kutwa, usipotengewa saa yake, husahau hata uso wa mama.

Nami hodi zangu tatu nimeshapiga, naenda zangu.