Sauti Iliyomuuliza Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, moto bado una nguvu. Haya nitakayowasimulia hayakutokea gizani. Yalitokea mchana kweupe, jua likiwa utosini, na ndiyo maana mimi huyaogopa. Mpo?

Tupo, bibi.

Hapo zamani za kale, huko milimani, palikuwa na kijiji kilichojengwa chini ya mteremko mkali. Mwaka mmoja watu wakaona mlima umepasuka. Ufa ulikuwa mwembamba kama kidole. Mwezi uliofuata ukawa mpana kama mkono. Watu wakaogopa kwamba masika yakija, mlima utaporomoka. Wakaanza kuhamia bondeni, ng'ambo ya mto. Nyumba hii ikahamwa, na ile ikahamwa, hata ikabaki milango iliyofungwa kwa kamba na majivu baridi.

Aliyebaki ni Nakiete. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu, naye aliishi na mama yake, Bibi Nakundwa, ambaye miguu yake haikuweza tena kumbeba. Mbonea, kaka yake Nakiete, alikwisha kuhama. Alikuwa amewaambia waje kabla ya masika, kwa maana mto ukishajaa hauvukiki. Nakiete alisema atafikiri. Akafikiri, akafikiri, na mawingu yakaanza kukusanyika.

Basi mchana mmoja alichovya kata mtungini. Maji yalipotulia, sauti ikatoka ndani ya mtungi, polepole, kama ya mtu aliyezama.

"Na ukienda, Nakiete, mama yako akikufia njiani?"

Nakiete aliangusha kata. Akachungulia mtungini, akauona uso wake tu. Lakini swali lilikuwa la kweli, kwa hiyo akalijibu. Alisema atambeba mama yake mgongoni, watakwenda taratibu, watapumzika penye vivuli.

"Na ukibaki, mlima ukiwaangukia?"

Akajibu kwamba huenda mlima usianguke, maana ni wa zamani kuliko watu.

"Na ikiwa sivyo, Nakiete? Na ikiwa sivyo?"

Mtoto mmoja hapa ananiuliza kwa nini hakukimbia. Akimbilie wapi, mjukuu wangu? Alikuwa nyumbani kwake. Akajibu tena na tena mpaka jua likashuka, na siku ile hakufinyanga hata chungu kimoja.

Kesho yake sauti ilikuwa imehama mtungini. Nakiete aliinama jikoni apulize moto, na mafiga yakasema, figa moja likianza na lingine likimalizia.

"Udongo wa bondeni hauufahamu."

"Vyungu vyako vikipasuka huko, utaishi kwa nini?"

"Na ukibaki, utamuuzia nani?"

Nakiete akapiga magoti, akayajibu mafiga. Kila jibu lilizaa swali. Alipoinua kichwa moto ulikuwa umezimika na unga ulikuwa bado mkavu chunguni. Mama yake alilala na njaa. Ikawa hivyo siku ile na siku nyingine. Nakiete akajibu, mama akakonda. Akienda kuchota maji alisikia hata milango ya nyumba tupu ikimwita kwa upole, kila mmoja na swali lake.

Semeni nami, lakini msijibu: na ikiwa sivyo?

Na ikiwa sivyo?

Nyamazeni sasa. Inatosha.

Basi asubuhi moja Bibi Nakundwa aliomba uji kutoka kitandani kwake. Nakiete akafungua kinywa aseme, naleta, mama. Halikutoka neno hilo. Ilitoka ile sauti ya aliyezama, kinywani mwake mwenyewe:

"Na ukifa leo?"

Nakiete akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama yake hakupiga kelele. Alimtazama sana, kisha akamshika kiganja na kumketisha kitandani.

"Huyo si wewe, mwanangu," alisema. "Ni nani unayeongea naye siku zote hizi?"

Nakiete alikuwa ameona haya kusema. Sasa akasema yote, ya mtungi, ya mafiga na ya milango, huku akilia. Na alipokuwa akisimulia, mtungi ulinyamaza. Mafiga yalinyamaza. Kilichosikika kilikuwa sauti yake tu, ile aliyozaliwa nayo.

Bibi Nakundwa akamwambia kwamba kitu kile kilimjia yeye pia, zamani, alipoposwa na mwanamume wa kijiji hiki asichokijua. Alikijibu mpaka nguo zikampwaya.

"Ulikishindaje, mama?"

"Sikukishinda. Nilichoka kukijibu. Kikiniuliza nisilolijua, nilisema silijui, nikaendelea kufunga mzigo wangu." Akamfuta machozi. "Na wewe umekijibu kitu hicho kila siku, lakini mimi hukuniuliza hata mara moja. Mimi nataka kwenda. Sikusema kwa sababu nilidhani unauonea uchungu udongo wako."

Nakiete akapika uji. Wakanywa wote wawili. Kisha akapanda mteremko kuuona ufa kwa macho yake, jambo ambalo tangu aanze kuogopa hakuwahi kulifanya. Akaingiza mkono, ukazama mpaka begani. Upepo baridi ukampuliza kutoka ndani ya mlima, na huko ndani mawe yalikuwa yakidondoka, moja moja, bila kufika chini. Sauti ikamuuliza humo ufani kama ana hakika. Nakiete akasema hana. Akauchomoa mkono, akashuka, akamfunga mama yake mgongoni kwa kanga, wakaondoka.

Walipofika njiani walisikia hatua nyuma yao. Zilikuwa nzito, kama za fahali.

"Na ukiteleza?"

"Silijui hilo," akasema Nakiete, akaangalia pa kukanyaga.

Hatua zikafuata, ila sasa zilikuwa kama za mbuzi.

"Na wakikuchoka huko?"

"Silijui hilo." Akamuuliza mama yake kama amekaa vizuri mgongoni.

Hatua zikafuata, sasa kama za kifaranga kwenye majani makavu.

"Na ukijuta?"

"Hilo nalo silijui," akasema, na mguu wake ukagusa maji. Mbonea alikuwa ng'ambo. Alipowaona aliingia mtoni na nguo zake, akaja kumpokea mama yake. Mvua ya kwanza iliwakuta wameshavuka.

Mlima ukaanguka, bibi?

Uliporomoka usiku mmoja wa masika, wakausikia wakiwa bondeni. Kiangazi kilipofika Mbonea alipanda kutazama. Nyumba nyingi zilikuwa zimefukiwa. Nyumba ya Nakiete ilikuwa imesimama, na mlango wake haukuwa na hata mkwaruzo.

Habari hiyo ilipomfikia, Nakiete alikuwa amekaa mbele ya udongo wa bondeni, ule mweusi unaopasuka ovyo, ambao alikuwa bado anajifunza kuuchanganya na mchanga. Kitu kikamnong'oneza sikioni, chembamba kama mbu: je, kama ungebaki? Akaogopa tena, maana sikuwaambia kwamba aliacha kuogopa. Akasema hajui. Halafu akamwita mama yake, aliyekuwa akicheka na majirani kivulini, akamweleza alichosikia, na mikono yake ikarudi kwenye udongo.

Basi wajukuu zangu, siku moja mtatakiwa kuchagua jambo kubwa, na wasiwasi utawauliza maswali yasiyoisha. Lisilojulikana mliache lisijulikane. Kinachoweza kutazamwa, nendeni mkakitazame. Na kamwe msikae na wasiwasi huo peke yenu.

Hadithi yangu imekomea hapa. Atakayekosa usingizi na aniamshe, tutaongea.