Ndara Mbele ya Jumba la Zimwi

Hadithi, enyi wa mkekani! Haya, sogeeni.

Hapo kale zimwi liliwanunua watu, likawalimisha mashamba ya karafuu, likawakataza kuvaa viatu. Atakayekaidi atamezwa. Utumwa ukaisha, jumba la zimwi likaporomoka, lakini watu wakaendelea kuvua viatu kila wapitapo pale. Watoto wakiuliza, huambiwa, "Ni adabu."

Adhuhuri moja Mwanahawa akapita na debe la maji kichwani na mtoto mgongoni. Akiinama, maji yatamwagika, na kisima kiko mbali. Akapita na ndara zake.

"Vua!" Zimwi likanguruma kutoka kwenye kifusi, nalo ni kubwa kama jumba lenyewe.

Mwanahawa hakuinama. "Nina maji kichwani."

Zimwi likanywea, likawa kama ng'ombe. "Vua! Bibi yako alivua!"

"Alilazimishwa. Mimi nina mtoto mgongoni."

Likawa kama kuku. "Vua, nakuomba. Kuinama kwenu ndiko chakula changu. Nitakufa njaa!"

"Basi kufa," akasema Mwanahawa, akaenda zake. Nyuma yake likabaki vumbi tu.

Jioni akamleta mama yake, Bi Tausi, ajionee. Bi Tausi akayatazama yale mawe, kisha akainama, akavua ndara.

"Mama, limekufa!"

"Nimeona, mwanangu. Miguu ndiyo bado haijaniamini."

Nami nimeishia hapo. Mwenye viatu avae, tukalale.