Gari Lililotaja Jina Lake

Wapendwa, leo nitagusa habari za uchaguzi. Msishtuke, sijachukua kadi ya chama chochote.

Alikuwepo mtu mmoja aliyegombea udiwani katika kata ya milimani, na alikuwa na kila sababu ya kutembea kifua mbele. Ndani ya kata ile ni vigumu kupata kaburi ambalo hakulitupia udongo kwa mkono wake. Ukitokea msiba, yeye yumo katika wa kwanza kufika, anapasua kuni, anabeba mabenchi, analala matangani na wafiwa. Wala hakuyafanya hayo kutafuta kura. Aliyaanza zamani, kabla hata hajaota kugombea. Kwa hiyo aliposimama, watu walisema, huyu ni wetu. Alijua hivyo, akajivunia, na mimi simlaumu. Nani kati yenu asingejivuna?

Ikabaki kazi ya kuchagua mtu wa kutangulia na gari la matangazo, maana mgombea hufika kijijini gari lake likiwa limeshapita. Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa pamoja naye kwenye chama cha kuzikana, akamwambia, "Kaka, nipe mimi hilo gari. Hawa ni watu wetu."

Mgombea akacheka. "Dada yangu, sauti yako haivuki hata uzio! Wewe tusimamie chakula cha wageni."

Akamleta mtangazaji kutoka mjini, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Yule bwana alipolivuta jina la mgombea kwenye spika, mgombea alisisimka mwili mzima. Kumbe jina langu ni tamu hivi! Akajiona ameshaapishwa.

Sasa, kijiji alikozaliwa mama yake kilipata msiba wa mzee mmoja. Mgombea alikwenda, akashika kamba, akamshusha marehemu kaburini. Kesho yake ilikuwa zamu ya kampeni kijijini hapo hapo, na gari likatangulia.

Mnajua desturi yetu. Penye matanga, hata mwenye redio kwenye baiskeli huizima. Hata msafara wa bibi harusi hupita kimya mpaka kwenye kona. Je, yule mtangazaji alizima? Afadhali angepita tu! Aliona turubai, akaona watu wengi wameketi chini yake, akadhani ndio mkutano wenyewe. Akasimamisha gari. Akafungulia muziki mpaka mwisho, akalivuta lile jina, akawaambia wafiwa wanyooshe mikono juu.

Mgombea alipofika hakukuta hata mtu mmoja barabarani. Alipoelezwa, alivua viatu, akaenda kuketi kwenye mkeka karibu na mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, nimesikia yaliyotokea hapa. Mungu ananiona, mimi sikuwepo."

"Najua hukuwepo," alisema yule mama. "Lakini jina lililokuwa likitajwa hapa lilikuwa la nani?"

Mgombea akainamisha kichwa. Jina lile lile lililomsisimua, leo lilimpandisha aibu mpaka masikioni.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Jana tu ulimshusha mume wangu kaburini, nitakuwekeaje kinyongo? Ila kura sikupi, baba. Ukishakuwa diwani hutafika mwenyewe kila mlango. Utatutumia watu. Na watu unaowachagua, nimeshawaona."

Siku hiyo hiyo mgombea alimkabidhi jirani yake gari. Lakini habari ilikuwa imeshazunguka kata nzima. Akashindwa, tena kijiji cha mama yake ndicho kilichomwangusha.

Naona mnatikisa vichwa. Nyie mnawafikiria waheshimiwa fulani, si ndiyo? Waacheni kwanza. Katika mfano huu, mnadhani sisi ni nani? Tunapenda tuwe yule mama mjane, anayetoa hukumu. Hapana, ndugu zangu. Sisi ndio tuliomo ndani ya lile gari.

Kwa maana yuko mmoja aliyekuja mwenyewe kwenye misiba yetu. Alilia na wafiwa. Hakuishia kushusha watu kaburini, aliingia mwenyewe. Kisha akatafuta watu wa kutangulia na jina lake, akawapita wenye sauti za kutikisa mabati, akatuchagua sisi. Sisi hawa! Mama muuza maandazi, fundi baiskeli, mwalimu wa darasa la kwanza. Kama kuna kitu cha kujivunia duniani, ni hicho, na mimi najivuna waziwazi. Kila asubuhi nikifunga kola hii ya uchungaji, natoka nyumbani kifua mbele.

Lakini jirani yako aliyekusikia jana ukimfokea muuza mchicha bado hajamwona Yeye. Amekuona wewe. Atamjuaje Mwenye jina, kama si kwa watu aliowachagua?

Basi mkitoka hapa, tembeeni kwa fahari, mmestahili. Ila mkifika penye turubai, zimeni muziki, mshuke, mkae kwenye mkeka na waliao. Jina mlilobeba si lenu.