Mafundo Kwenye Kanga ya Bibi Nyamizi

Hadithi hii nilitumiwa, nami naituma kwako. Isome taratibu, hasa kama nyumbani kwenu kuna mtu mzima ambaye kila siku anaulizwa, "Hivi wewe una nini lakini?"

Palikuwa na mtemi aliyetawala nchi ya mpunga. Kila kaya ilikuwa na majaruba yake, vitalu vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, na katikati ya majaruba kulikuwa na dungu, yaani kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi. Mpunga ulipoanza kuiva, mtu mzima mmoja wa kila kaya alipanda juu ya dungu asubuhi na mapema na kukaa huko hadi jua linapozama, akilinda ndege. Mkononi alishika kamba ndefu iliyofungwa vibuyu vyenye kokoto. Akiivuta, vibuyu vinalia na ndege wanaruka.

Kazi hiyo haikutaka nguvu. Ilitaka macho. Kundi la kwelea kwelea likitua kwa muda mfupi tu, jaruba zima linabaki mabua. Tena ndege wakishiba kwa mtu mmoja, kesho yake wanahamia kwa majirani. Kwa sababu hiyo mtemi aliweka sheria: mtu ambaye mpunga wake utaliwa na ndege misimu mitatu mfululizo atanyang'anywa majaruba yake, wapewe wengine.

Mwaka mmoja, watu wawili walikuwa wameshapoteza misimu miwili.

Wa kwanza aliitwa Kalunde, mjane mwenye watoto wawili. Majaruba yake manne aliachiwa na mama yake, na hakuwa na kitu kingine cha kuwalisha wanawe. Kalunde alikuwa mkimya. Alipanda dungu lake mapema kuliko wengi, akakaa, hakushuka. Hata hivyo ndege walikula mpunga mbele ya macho yake.

"Kalunde analala macho wazi," majirani walisema. Walipokutana naye kisimani walimuuliza, "Vipi, ndege wako hawajambo?"

Wa pili aliitwa Kazimoto, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti kubwa. Yeye dungu lilimshinda kabisa. Alishuka, akapanda, akashuka tena kwenda kumsalimu huyu na kumrekebishia yule ngazi. Aliporudi, ndege walikuwa wamemaliza.

"Huyo ana siafu kwenye nguo," walisema.

Hakuna aliyewahi kuwafikiria wawili hao pamoja. Mmoja alikuwa mkimya mno, mwingine alikuwa na kelele mno. Watu walikubaliana jambo moja tu, kwamba wote ni wavivu.

Msimu wa tatu mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, mtemi alimwita Bibi Nyamizi, msimamizi wa majaruba yote. Kwa miaka thelathini bibi huyo hakuwahi kupoteza jaruba lake hata moja. Watu walimwogopa. Pindo la kanga yake lilikuwa na mafundo mengi, na watoto waliamini kwamba ndani yake kuna dawa ya ndege.

"Kaa na Kalunde siku moja juu ya dungu," mtemi alimwambia. "Kaa na Kazimoto siku ya pili. Siku ya tatu uniambie mbele ya watu kama ni wavivu. Kama ni wavivu, sitawangoja ndege wamalize. Majaruba nitawapa wengine siku hiyo hiyo."

Kesho yake Bibi Nyamizi alimkuta Kalunde anakuja mbio, jasho linamtoka, ameshika ufagio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ufagio wa nini?"

Kalunde aliutazama ufagio kama vile amepewa na mtu asiyemjua. "Nilirudi nyumbani kuchukua maji," alisema kwa aibu. "Nimekuja na huu."

Walipanda. Kwa muda Kalunde alivuta kamba vizuri. Kisha mkono ukalegea. Ndege wakatua kwenye kona ya jaruba, wachache kwanza, halafu wengi. Macho ya Kalunde yalikuwa yanawatazama, lakini kamba haikusogea. Bibi Nyamizi aliivuta mwenyewe.

Kalunde akashtuka. "Sikulala, bibi! Haki ya Mungu sikulala!"

"Najua hukulala. Nilikuwa nakutazama machoni. Ulikuwa wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Kalunde swali hilo. Siku zote aliulizwa kwa nini. Alifikiri kidogo, kisha akajibu:

"Nilimwona ndege mmoja ana unyoya mweupe. Unyoya ukanikumbusha mto wa mtoto, umepasuka. Nikafikiri sindano nimeiweka wapi. Sindano ikanikumbusha jirani aliyeniazima, ana mgonjwa, sijaenda kumwona. Nikawa niko kwa mgonjwa, namwambia pole. Ndipo ukavuta kamba."

Bibi Nyamizi aligeuza uso, kisha akauliza:

"Hali hii ilianza mume wako alipofariki?"

"Hapana, bibi. Nikiwa mdogo mama alinituma chumvi nikarudi na kuni. Alinipiga, alinibembeleza, haikusaidia. Nyumbani niko hivi, shambani niko hivi, hata kanisani. Kila asubuhi naapa kwamba leo nitakuwa mtu. Ikifika mchana nimeshashindwa."

"Unalala vizuri? Huumwi?"

"Nalala, na siumwi. Ni mimi tu, bibi. Nimeumbwa mvivu."

Bibi Nyamizi alivuta kamba, ndege wakaruka. Alishika pindo la kanga yake, akalibana mkononi hadi jioni.

Siku ya pili alipanda dungu la Kazimoto. Kabla hajakaa vizuri, Kazimoto alikuwa ameshamweleza habari za ndoa mbili na msiba mmoja, huku mguu wake ukitikisa dungu zima.

"Kazimoto, nilitaka..."

"Kuniuliza kama mimi ni mvivu! Bibi, mimi si mvivu. Uliza nani alichimba mfereji wa juu. Uliza nani..."

"Nilitaka kukuomba maji ya kunywa."

Kazimoto alicheka, akashuka kuchota maji. Njiani aliona dungu la jirani limeinama, akaanza kulinyoosha. Hajamaliza, akaona ng'ombe kwenye mfereji, akaenda kumfukuza. Aliporudi alikuwa na tope hadi magotini, na maji hakuleta.

"Nyumbani nina vibanda vitatu," alisema polepole, baada ya kuona kibuyu kitupu. "Nimevianza vyote. Hakuna hata kimoja chenye paa. Mke wangu amechoka kunililia."

"Ukijilazimisha kutulia, inakuwaje?"

"Kama nimekalia kaa la moto. Nguvu zangu zote zinaishia kwenye kutulia, na ndege siwaoni tena."

"Tangu lini?"

"Mama yangu alikuwa ananifunga kamba mguuni nisipotee, bibi. Sema mwenyewe."

Siku ya tatu uwanja wa ikulu ulijaa. Mtu mmoja, Mlekwa, alikuwa ameshayapima majaruba ya Kalunde kwa hatua zake, akijua yatagawiwa. Kalunde alikaa nyuma kabisa na wanawe wawili. Kazimoto alisimama, akakaa, akasimama.

"Tuambie," mtemi alimwambia Bibi Nyamizi. "Ni wavivu?"

"Mtemi, kwanza naomba kuuliza. Nani mlinzi bora wa mpunga katika nchi hii?"

"Wewe!" watu wote walijibu.

Bibi Nyamizi alivua kanga yake ya juu, akaitandika chini. Mafundo yakaonekana wazi, mstari mzima.

"Mnadhani hii ni dawa ya ndege. Si dawa. Fundo hili ni maji, nisiyasahau. Hili ni kamba. Hili ni jiko, kwamba nimezima moto. Haya mengine hayana jina. Nikiwa juu ya dungu nayapitisha vidoleni moja baada ya jingine, na kila nikifika fundo jipya navuta kamba. Nikiacha kuyashika, naondoka. Mwili unabaki pale, mimi sipo."

Watu walianza kunong'ona.

"Na mara tano kila siku nampa jirani kamba yangu, nashuka kuzunguka majaruba yenu. Mnasema nakagua. Sikagui kitu. Nashindwa kukaa."

Baadhi walicheka. Kicheko kikakatika walipoona yeye hacheki.

"Kalunde anatoroka akiwa amekaa. Kazimoto anatoroka kwa miguu. Mnaona ni watu wawili tofauti, lakini kinachowasumbua ni kimoja, kimevaa nguo mbili. Mimi ninazo nguo zote mbili. Kama hawa ni wavivu, Mtemi, chukua na majaruba yangu."

Watu wote walimtazama. Hata Kazimoto alitulia.

"Miaka thelathini," mtemi alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtaniita yale mliyowaita wao. Na nilidhani niko peke yangu. Juzi, juu ya dungu la Kalunde, ndipo nilipojua kwamba siko peke yangu."

Mlekwa alinyoosha mkono. "Bibi, mimi jana nilisahau jembe shambani. Basi na mimi nina hicho kitu?"

"Kila mtu husahau jembe, baba. Mimi nakuuliza: ni tangu utoto? Ni kila mahali, nyumbani, kazini na kwa wakwe? Kimekuharibia maisha mpaka ukalia? Kama ni jana tu, nenda kalitafute jembe lako."

Safari hii watu walicheka kweli. Walioketi karibu na Kalunde walimwona amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Walidhani analia kwa aibu. Alipofunua uso, machozi yalikuwa yanatoka lakini anacheka.

"Kumbe ni kitu," alimwambia mwanawe mkubwa. "Kumbe kuna na mwingine aliye nacho."

"Sawa, si wavivu," mtemi alisema. "Lakini ndege hawajui hayo. Tufanye nini?"

Bibi Nyamizi alikuwa ameshafikiri. Kamba ya Kalunde iliunganishwa na ya jirani yake, ili jirani akivuta, vibuyu vya Kalunde navyo vilie na kumrudisha. Akapewa pia kipande cha kanga cha kufunga mafundo. Kazimoto alikatazwa kabisa kupanda dungu. Kazi yake ikawa kutembea kwenye matuta siku nzima na kuvuta kamba za wote, na wao wakapokezana kulinda majaruba yake. Kumbe ndege walikuwa wamezoea walinzi waliotulia, wanaovuta kamba kwa mwendo ule ule. Kazimoto hawakuweza kumzoea, maana hata yeye mwenyewe hakujua atatokea wapi.

Mtemi naye alirekebisha sheria yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyenyang'anywa jaruba kabla mtu hajakaa naye juu ya dungu kutwa nzima na kumuuliza yanayomsibu.

Mavuno yalipofika, ndege walikuwa wamekula nusu ya jaruba moja la Kalunde. Matatu na nusu yalibaki salama. Kazimoto alivuna karibu yote, ingawa siku ya kuvuna alisahau magunia, na kibanda kimoja kilipata paa baada ya mke wake kusimama chini ya ngazi na kumkataza kushuka.

Siku chache baadaye Kalunde alifika kwa Bibi Nyamizi, ameshika kipande chake cha kanga.

"Bibi, nimefunga mafundo saba kama ulivyonifundisha. Sasa hili la kwanza sikumbuki ni la nini."

Bibi Nyamizi alilishika, akaligeuza, akalirudisha.

"La kwanza ni la kukumbuka kwamba kuna mafundo."

"Na wewe lilikupata hilo?"

"Mwanangu, mimi nilizunguka na mafundo mwaka mzima nikidhani kanga imejisokota."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Kalunde akaondoka kwenda shambani, hatua zake nyepesi, na ufagio wa Bibi Nyamizi mkononi. Bibi alimwona, akamwacha aende. Angeurudisha siku atakayokumbuka.

Funzo: Usimwite mtu mzima mvivu kabla hujamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Upungufu wa umakini una sura zaidi ya moja: kuna anayepotea akiwa amekaa kimya, kuna asiyeweza kutulia, na kuna mwenye yote mawili ambaye amejificha vizuri hata anasifiwa. Kila mmoja wao akitambuliwa, anapata msaada, na anashusha mzigo aliodhani ni tabia yake mbaya.