Kakakuona na Mlio wa Moto

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni basi, wakubwa kwa watoto. Hii si hadithi ya kucheka.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na lugha ya ngoma. Haikuwa na mwenyewe. Kila mnyama aliitumia, na aliyeona kasoro aliruhusiwa kuirekebisha. Walioitumia ni bonde zima. Waliorekebisha ni wawili tu, Kakakuona na rafiki yake Pimbi. Hakuna aliyewatuma. Waliipenda tu.

Siku moja Kakakuona akagundua jambo, moyo ukamwenda mbio. Ndu-ndu-ti, maana yake njooni kilimani, matunda yameiva. Ndu-ndu-ti-ti, maana yake kimbieni, kilimani kuna moto. Upepo ukivuma, ile ti ya mwisho haisikiki!

"Pimbi ndugu yangu, iko siku tutawaita wenzetu motoni!"

Wakaketi na ngoma. Pimbi akapiga, Kakakuona akasikiliza kwa mbali. Wakabadili, wakajaribu, wakabadili tena. Mwisho wakapata mlio mpya wa moto: ti-ti-ti-ti! Mwembamba, mkali, upepo hauuwezi.

Ikabaki wanyama kujifunza. Kakakuona akamwendea Swala, mama wa watoto wengi.

"Mama Swala, mlio wa moto umebadilika. Kaa kidogo nikufundishe."

"Kesho, shoga. Huu wa zamani unanitosha."

Akamwendea Tembo.

"Mbona kila mara mnabadilishabadilisha? Tuacheni tupumzike!"

Kesho, kesho, kesho. Pimbi akachoka.

"Dada, mimi naacha. Wanangu hata sura yangu wanaisahau."

Akaenda zake. Kakakuona akabaki peke yake.

Kiangazi kikaingia. Moto ukawaka kilimani, vuuu! Wa bondeni hawakuuona kwa miti. Na upepo nao ukavuma. Kakakuona, juu ya jiwe lake ng'ambo ya bonde, akaishika ngoma. Ti-ti-ti-ti! Ti-ti-ti-ti!

"Mama, nini hicho?" watoto wa Swala wakauliza.

"Si Kakakuona huyo? Anajaribu vitu vyake. Kuleni."

Kakakuona akatazama. Hakuna aliyekimbia. Afanyeje? Akapiga ule wa zamani, wanaoujua. Ndu-ndu-ti-ti! Upepo ukaimeza ti ya mwisho.

"Matunda!" watoto wakashangilia. Wakatimka, puru-puru-puru, kilimani, mama yao nyuma.

"Rudini! Jamani, rudini!" Kakakuona akapiga kelele kutoka jiweni.

Moshi ukawafunika. Swala alirudi peke yake, manyoya yameungua.

Wanyama wakakusanyika.

"Nani alipiga ngoma ile?"

"Mimi," Kakakuona akasema.

"Ulijua ina kasoro, ukaipiga!"

Hakuna aliyesema, "Alitufundisha, tukakataa." Swala alilijua hilo, lakini akawa wa kwanza kuondoka. Wakatawanyika. Tembo akageuka kidogo.

"Na mlio wa mvua nao hausikiki vizuri. Utautengeneza lini?"

Kakakuona akaingiza kichwa tumboni, akajikunja, akafunga magamba yake. Wakamwita, asifunguke. Mpaka leo ukimgusa hujikunja hivyo hivyo. Na ile ngoma ikabaki jiweni, hakuna tena aliyerekebisha milio yake.

Wanangu, kitu cha wote kinataka kazi ya wote. Anayekitengeneza kwa mapenzi naye huchoka, basi msikilizeni angali anasema.

Hadithi yangu imeishia hapo.